Mgongo wa Picha ya Babu

Shangazi yangu hanunui nguo kabla hajaigeuza ndani nje. Ameshona kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na akikuta pindo lililoachwa bila kufungwa nyuzi, huikunja ile nguo, humrudishia mwenye duka na kuaga kwa adabu. Ndiyo maana siku ya Idi, wajukuu wa Dar es Salaam walipoleta nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, picha ya Babu na Bibi iliyochapwa kwenye kanvasi, sebule nzima ilisimama mbele ya picha kumtazama Babu, na yeye peke yake akazunguka nyuma.

Mbele palistahili kutazamwa. Ile picha ndogo ya studio ya mwaka 1966, ambayo Bibi ameitunza ndani ya bahasha kwenye kasha lake, ilikuwa imekuzwa hadi sentimita 60 kwa 90. Babu amesimama na kanzu, koti na kofia ya viua, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti. Bibi ameketi, msichana mdogo kuliko wajukuu waliomzunguka siku ile, anaitazama kamera bila woga. Bibi mwenyewe alisogea, akaligusa koti la mumewe kwa ncha ya kidole, akasema, "Hili koti nililipiga pasi mimi." Hakuna aliyeweza kumjibu.

"Nani kamalizia kazi hii?" Shangazi akauliza kutoka nyuma.

Nilikwenda kuona alichokiona. Kanvasi ilikatwa kwa mkasi butu, nyuzi zinaning'inia. Pini za stepla zilipigwa pengine tatu mahali pamoja, pengine hakuna hata moja kwa upana wa kiganja. Pembe nne zilikunjwa bonge, kiasi kwamba picha isingelala bapa ukutani hata ungeibembeleza. Juu ya fujo hiyo yote fundi alibandika selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, nayo ilikwisha kuanza kunyanyuka kwenye kingo. Jina halikuwepo, wala tarehe, wala alama yoyote ya kueleza hawa ni nani.

"Dada, nyuma nani atatazama?" Baba Mdogo alisema, nyundo na msumari wa zege tayari mkononi. "Si inakaa ukutani?"

"Basi ukuta ndio utatazama," Shangazi akamjibu, akatupisha.

Picha ikapanda siku ileile.

Aliyekulia karibu na bahari anajua ukuta wa matofali ya saruji unavyokuwa wakati wa masika. Unanyonya maji kutoka chini, rangi inavimba na kumeguka, chumvi inatoka kama unga. Kanvasi ya kuchapia ni kitambaa, mara nyingi pamba iliyochanganywa na poliesta, kilichopakwa utando wa kushika wino. Kitambaa hicho kinawambwa juu ya mbao. Hewa ikijaa unyevu, mbao zinavimba kwa mwendo wake na kitambaa kinabadilika kwa mwendo wake, na pale vilipofungwa vibaya ndipo kimoja kinapomwacha mwenzake. Nyuma ya picha pana giza, hapapiti upepo, na hakuna mkono unaofika na kitambaa cha vumbi. Kwa wadudu wa pwani hiyo ni nyumba isiyolipiwa kodi.

Mwezi wa Aprili bega la Babu lilianza kufanya wimbi. Mwanzo tulidhani ni mwanga wa dirishani. Kisha selotepu ikaachia upande wa chini, ikaning'inia nje ya picha, ikabeba vumbi na nywele. Mjusi kafiri akawa anatoka nyuma ya picha kila taa ikiwashwa na kurudi palepale alfajiri. Wajukuu wakampenda. Bibi hakumpenda hata kidogo. Na kabla mvua hazijakatika, asubuhi moja, Bibi alikaa kwenye kiti chake baada ya chai, akatazama ukutani kwa muda mrefu, akaita.

"Njooni. Mume wangu amevimba shavu."

Ilikuwa kweli. Chini ya jicho la kulia la Babu palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kokwa la embe. Baba Mdogo akaiteremsha picha, akaigeuza, na tukamkuta nyigu wa matope amejenga vyumba vyake kati ya kanvasi na ubao wa katikati, udongo umegandana na kitambaa. Pembeni, kwenye kona ya juu, palikuwa na mayai mawili meupe ya mjusi, magumu, yamenata kwenye mbao. Pini za stepla zilishika kutu zote, na kila moja ilikuwa imetoa doa la kahawia kwenye kanvasi.

Baba Mdogo ni mtu wa kutenda, na alimpenda sana baba yake. Mchana uleule alikuwa amebandua matope kwa kisu cha mezani, akafuta vumbi, akaenda dukani kununua karatasi ya kaki. Alikuwa ameona mahali kwamba picha nzuri hufunikwa nyuma kwa karatasi, na aliona sawa. Watengeneza fremu wa Ulaya na Marekani wamefanya hivyo kwa miaka mingi: karatasi hukatwa kubwa kuliko fremu, hugandishwa pande zote nne, kisha ukingo unakatwa kwa wembe ukifuata rula, milimita chache ndani ya mbao ili isionekane kwa pembeni. Ukiinyunyizia maji kidogo, karatasi inalegea, halafu ikikauka inajikaza yenyewe na kuwa bapa kabisa. Baba Mdogo alitumia chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Ilipokauka aliigonga kwa kidole, ikalia, na akatuita sote tuje tusikilize. Ilipendeza, nitasema hivyo popote. Tangu picha ile iingie nyumbani, mgongo wake ulikuwa haujawahi kuonekana nadhifu namna ile.

Gundi ndiyo iliyoleta mambo. Aliipika mwenyewe jikoni kwa unga wa ngano na maji, ile aliyogundishia tiara utotoni na kujaladia madaftari ya shule. Ni gundi nzuri, inashika, haina madhara kwa mtoto. Ila ni chakula. Tena karatasi ilifungwa wakati mbao zingali na unyevu wa masika ndani, kwa hiyo kilichokuwa mle kikafungiwa mle.

Bibi analala chumba kinachopakana na sebule, na usingizi wa uzeeni ni mwepesi. Usiku alianza kusikia mkwaruzo. Aliamka, akawasha taa, mkwaruzo ukanyamaza. Akazima, ukaanza tena, na kila mara ulitoka upande ule wa ukuta uliotundikwa picha ya mumewe. Hakutuambia. Alisoma alivyosoma, akalala. Ilichukua muda hadi alipomwambia Shangazi, kwa sauti ya chini, wakati wanachambua mchele, kwamba baba yao anahangaika.

Shangazi aliacha ungo pale ulipo. Akaenda sebuleni, akaishusha picha, akaitoa uani kwenye jua na kuichana ile kaki kwa mkasi. Mende walitawanyika kwenye saruji. Walikuwa wamekula gundi yote ya upande mmoja na kuuacha ukingo wa karatasi una meno meno. Ndani palinuka uvundo, na kwenye kanvasi, kwa nyuma, kuvu la kijivu lilikuwa limeanza kutanda kutoka pembeni.

"Mama, tazama," akasema. "Si Baba. Ni mende."

Bibi alitazama, akashusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi. Kisha akamgeukia Baba Mdogo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni uso umemshuka, akamwambia, "Umefanya kwa mapenzi, mwanangu. Sasa mwachie dada yako."

Nilikaa na Shangazi kwa kazi yote iliyofuata, na ningependa mtu mwenye picha kama hii nyumbani ajue jinsi alivyokwenda, kwa sababu hakuharakisha hatua hata moja.

Kwanza aliiacha picha ikauke kivulini penye upepo, haikukaa juani tena. Jua kali lingekausha haraka, lakini ni adui wa wino. Kuvu lilipokauka na kuwa unga alilifagia kwa brashi laini ya rangi, amejifunga kitambaa puani, akipeleka brashi upande mmoja na kusimama upande wa upepo. Mabaki ya matope ya nyigu yaliyokuwa yameng'ang'ania aliyavunja kidogo kidogo kwa kijiti cha mwanzi, mkono mwingine ukiwa chini ya kanvasi kuishikilia isisukumwe. Hakutumia maji popote.

Fremu ya mbao aliikataa. Fundi wa mwanzo aliipigilia misumari kwenye pembe, na pembe iliyopigiliwa haiwezi kupanuliwa: kanvasi ikilegea, imelegea. Akaenda kwa seremala wa jirani na karatasi yenye vipimo, akataka mbao za paini za Mafinga zilizokauka vizuri, ubao wa kukatiza katikati ili zile ndefu zisipinde kwa ndani, na ukingo wa mbele upigwe randa kwa mshazari. Seremala aliuliza mshazari wa nini. Shangazi akamwekea kanvasi mbele yake na kumwonyesha mstari mwembamba uliokwisha kujichora usoni, pale ambapo kitambaa kililala juu ya ubao mkali. Baada ya hapo fundi yule hakuuliza tena. Alipewa pia kazi ya kuchonga kabari nane, mbili kwa kila pembe. Pembe zenyewe ziliunganishwa kwa ulimi na tundu bila gundi, ili siku kanvasi ikilegea kabari zigongwe kidogo kwa ndani, pembe ifunguke na kitambaa kikaze. Kabari zina tabia moja mbaya: zikilegea huanguka kati ya kanvasi na ubao wa chini, na uso wa picha unatoa nundu. Kila kabari Shangazi aliitoboa na kuifunga kwa uzi wa katani kwenye fremu.

Meza yake ya kukatia nguo ilitandikwa blanketi, juu ya blanketi shuka safi ya pamba. Mtoto mmoja alikuwa ameleta mkeka, akaambiwa arudishe, maana ukindu ungeacha alama zake usoni kwa Babu. Picha ililazwa kifudifudi, fremu mpya ikawekwa juu yake, ikapimwa kwa pembe hadi pembe mpaka vipimo viwili vikalingana. Hapo ndipo nilipoona kushona na kuwamba ni ndugu wa baba mmoja. Alianza katikati ya upande mmoja, pini moja. Akaenda upande unaotazamana nao, akavuta, pini moja. Halafu pande mbili zilizobaki, hivyo hivyo. Kutoka hapo alisogea kuelekea pembeni, kidogo huku, kidogo kule, akivuta kwa koleo pana lililofungwa kipande cha fulana ili meno yasipasue utando wa wino. Stepla aliazima kwa fundi wa makochi, na pini alinunua zile zisizoshika kutu. Ziligharimu zaidi, na ni gharama ambayo mtu wa pwani hapaswi kuikwepa.

Pembe alizifanya mwisho, na alizifanya polepole kuliko zote. Kitambaa cha ziada alikiingiza ndani kwanza, akakibana bapa kwenye ubao, kisha akakunja ukingo juu yake ukafuata mstari wa pembe sawasawa, unene ukagawanyika. Hakukata hata uzi mmoja. Nilipouliza kwa nini asipunguze lile bonge kwa mkasi, alisema, "Ukikata pembe, siku ya kuiwamba tena utavuta nini?"

Kikabaki kifuniko, na kifuniko nusura kivuruge nyumba.

Karatasi haikurudi kwenye mazungumzo. Kaki ya kawaida ina asidi, kwa miaka inakuwa kavu na kupasuka, na kwa hewa yetu inakaribisha mende hata bila unga wa ngano. Shangazi alitaka kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kinachopitisha hewa na kuzuia mdudu. Mama Mdogo, kwa nia njema kabisa, alikumbuka kuwa kabatini kwake kuna kipande cha bafta kilichobaki, kisafi, hakijaguswa. Akakileta kimekunjwa vizuri. Bibi alikitazama, akakisukuma kwa nyuma ya mkono.

"Babu yenu nilimvika bafta mara moja. Sitamvika tena ukutani."

Mama Mdogo alilia kwa kuona hakufikiri habari ya sanda, Bibi akamkumbatia, na bafta ikaondoka sebuleni. Tulikaa kimya. Aliyepata jibu ni Bibi mwenyewe: akafungua kasha lake, akatoa pamba nene isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochemka, ambayo yeye na wa rika lake wanaiita merikani. Kitambaa cha namna hiyo kilishushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, na misafara ikakibeba hadi Tabora na Ujiji kulipia chakula na njia. Sijui Bibi alikuwa anakitunzia nini hiki chake. Alisema tu, "Hiki kinafaa."

Shangazi alikifua mara mbili kwa maji ya moto, kisirudi baadaye kikiwa fremuni, na kuondoa wanga wa kiwandani, chakula kingine cha mende. Akakipiga pasi, akakunja pindo, akakishona pande zote.

Mpwa wangu alikuwa amesimama na kalamu ya wino mzito, tayari kuandika majina nyuma ya kanvasi. Shangazi alimshika mkono kabla ncha haijagusa. Wino unaweza kupenya kufika mbele, na hata kalamu kavu ikikandamizwa inaacha chapa inayoonekana usoni. Maneno yangekaa kwenye kifuniko, yashonwe. Bahasha ikafunguliwa, na tukaigeuza ile picha ndogo ya asili, ambayo wajukuu wa Dar es Salaam walikuwa wameipiga skani upande mmoja tu. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio uliofifia na mwandiko wa Babu wa kulala: majina yao mawili, Tanga, Machi 1966.

"Andika hayo," Shangazi akaniambia, nikaandika kwa penseli kwenye merikani ili afuatishe kwa sindano.

"Andika na kiti si chetu," Bibi akasema. "Cha studio. Na saa aliyovaa babu yenu aliazima kwa rafiki yake wa reli."

Nikaandika.

"Andika na mvua ilikuwa inanyesha, tukangoja barazani mpaka viatu vikakauka. Baba yako alikuwa nje, amebebwa na jirani, analia, ana mwaka mmoja. Mpiga picha alikuwa mtu mpole, alitupa chai."

Shangazi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, ameinama. Bibi akamtazama.

"Na wewe ulikuwemo."

"Mimi, Mama? Mimi sijazaliwa."

"Ulikuwemo," Bibi akarudia, akaweka kiganja tumboni. "Ndiyo maana niliketi. Babu yenu alitaka tusimame wote wawili."

Shangazi aliweka sindano chini. Aliigeuza picha, akaitazama mbele kwa mara ya kwanza nionavyo mimi tangu siku ya Idi, akamtazama yule msichana aliyeketi, mikono imekutana juu ya mapaja. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaniomba penseli, na mstari wa mwisho akauandika mwenyewe: na binti yao, kabla hajazaliwa. Maneno yalikuwa mengi kuliko tulivyopanga, yakajaza nusu ya juu ya kifuniko, na kuyashona kwa uzi wa bluu kulimchukua jioni nyingi.

Kilichobaki kilikwenda upesi. Kifuniko kilipigwa pini ndani kidogo ya ukingo, kisionekane kwa pembeni. Pete mbili za chuma zilifungwa kwa skrubu kwenye mbao za pembeni, karibu na theluthi ya juu, na kila pete ikapata ndoano yake ukutani, maana waya mmoja uliovutwa katikati huzivuta mbao zikutane. Kwenye pembe za chini Baba Mdogo alikata vipande viwili vya ndala iliyochakaa na kuvigandisha kwa gundi ya viatu, ili picha isimame mbali kidogo na ukuta na upepo upite. Alitaka na yeye awe na mkono wake pale, na ndala ilikuwa wazo lake. Shangazi alilikagua, akasema ni zuri kuliko alilokuwa nalo yeye. Ukuta wenyewe ulibadilishwa: picha sasa iko kwenye ukuta wa ndani, unaogawa sebule na ukumbi, usiopigwa na mvua.

Masika yaliyofuata yalipita. Baada ya Idi Shangazi aliishusha, akagonga kabari mbili za juu kidogo tu, akapiga kifuniko vumbi, akairudisha. Wageni wakija, Bibi hawaonyeshi mbele. Anamwambia mjukuu aliye karibu, "Mgeuzie," na mgeni anasomewa habari za kiti, saa, mvua na chai.

Habari ikafika Muheza. Binamu yetu alileta kanvasi ya familia ya mama yake, watu saba mbele ya nyumba ya makuti, nyuma selotepu ileile ya kahawia. Shangazi aliipokea, akadai fedha ya mbao na ya pini mapema, kitambaa akasema atatafuta mwenyewe. Fremu imekwisha kuchongwa, kanvasi imewambwa, kifuniko kimefuliwa. Kazi imesimama kwa sababu binamu hajui mtoto wa tatu kutoka kushoto ni nani.

"Muulize mama yako," Shangazi alimwambia kwenye simu jana.

"Shangazi, si uifunge tu hivyo hivyo? Nitauliza baadaye."

"Muulize leo. Mama yako ana miaka themanini na mbili. Mimi nakungoja, sindano ninayo mkononi."